Kamera Isiyo na Kioo

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuketi katika darasa la fasihi ameisikia kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Tuliikariri tukiwa shule ya upili, tukaiandika katika mitihani, na tulipofika chuoni tukaendelea kuibeba kama msafiri abebavyo mzigo ambao hauhisi tena kwa kuwa ameuzoea. Mimi nami niliiandika katika ukurasa wa pili wa sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya Uzamili, inayohusu matumizi ya taswira katika riwaya ya Kiswahili. Msimamizi wangu aliirudisha sura hiyo ikiwa imejaa wino mwekundu. Kando ya kauli hiyo aliandika maswali mawili tu: "Kioo gani? Kimeshikwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilifunga virago nikarudi nyumbani Voi kwa nia ya kutulia na kuiandika upya sura ile. Ninayotaka kumsimulia msomaji katika insha hii ni jinsi jibu, au tuseme mwanzo wa jibu, lilivyonijia kupitia kifaa ambacho sikukinunua kwa ajili ya tasnifu hata kidogo: kamera ndogo, kuukuu, ambayo ndani yake hamna kioo.

Yafaa nieleze kwanza kilichonisukuma mimi, mwanafunzi asiye na kazi ya kudumu, kununua kamera. Babu yangu alifariki mwaka 2019. Kwa sehemu kubwa ya umri wake alikata mkonge katika mashamba ya upande wa Mwatate, kisha akastaafu na kurudi kilimani, juu ya Wundanyi, kulima mahindi na migomba. Alipofariki, ikahitajika picha ya kutiwa kwenye ratiba ya mazishi. Tulipekua masanduku yote. Picha ya pekee iliyopatikana ilikuwa ile ndogo iliyo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Na kitambulisho chenyewe, kwa utaratibu wa nchi yetu, hurejeshwa serikalini mtu anapofariki ili kibali cha mazishi kitolewe. Basi tulikimbia mjini tukakitoa nakala kabla ya kukisalimisha, na nakala ile ndiyo iliyokuzwa hadi ikajaa ukurasa. Uso wa babu uligeuka kuwa madoa meusi na meupe. Asiyemjua angeweza kudhani ni mtu mwingine yeyote. Nyanya alipopewa ratiba yake, aliikunja mara nne akaitia kwenye mkoba bila kuitazama.

Msomaji huenda akauliza: na simu je? Mwaka ule sote tulikuwa na simu zenye kamera, na simu hizo nazo tulizipekua. Tulikuta picha zetu wenyewe, picha za sahani za vyakula, picha za harusi za watu tusiowakumbuka vizuri. Babu alikuwamo katika picha mbili. Katika ya kwanza ulionekana mkono wake ukiwa umeshika kikombe. Katika ya pili alikuwa ametupa kisogo. Hapakuwa na mtu aliyekusudia kumpiga picha. Alikuwa tu amepita mahali tulipokuwa tukijipiga sisi.

Fedheha hiyo ilinikaa moyoni. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kupata vijisenti kwa kufundisha wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, nilichanga kidogo kidogo kwa muda wa miezi tisa, nikanunua jijini Nairobi kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ni Sony a6000, modeli iliyotoka mwaka 2014. Muuzaji alinieleza kwamba kamera hiyo ni "nyepesi kwa sababu haina kioo". Nilicheka. Alidhani namcheka yeye, kumbe nilikuwa nimekumbuka wino mwekundu wa msimamizi wangu.

Hapana budi nieleze maana ya maneno hayo. Katika zile kamera kubwa ambazo tumezoea kuwaona nazo wapiga picha wa magazeti na wa harusi, mna kioo kidogo kilicholazwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu, hupitia kipande cha bilauri kilichochongwa pembe kadhaa, kisha hulifikia jicho la mpiga picha. Anachokiona, basi, ni mandhari yenyewe jinsi yalivyo. Lakini anapobonyeza kifungo, kioo hicho hujiinua ghafla na kuupisha mwanga ufike nyuma, mahali palipokuwa na filamu zamani na ambapo siku hizi pana kihisi cha mwanga. Sehemu ya ule mlio tunaousikia ni kioo kikiruka na kurudi mahali pake. Kwa kipande kidogo sana cha sekunde, mpiga picha haoni kitu ndani ya tundu lake ila giza.

Kamera za aina yangu zimekiondoa kioo hicho kabisa. Iliyoufungua mkondo huu sokoni ilikuwa Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Ndani ya kamera hizi mwanga hukigonga kihisi moja kwa moja. Kihisi huupeleka kwenye kiwambo kilicho mgongoni mwa kamera, au kwenye kijiwambo kidogo kilicho ndani ya tundu la kuchungulia. Kwa kuwa hapahitajiki nafasi ya kioo kurukia, kamera hupungua unene na uzito. Hii yangu, pamoja na betri na kadi yake, ina gramu 344, na lenzi iliyokuja nayo ina gramu 116. Vyote kwa jumla havifiki nusu kilo. Huitia kwenye mkoba wa vitabu na kuisahau.

Siku za kwanza nilizitumia kuizoea tu, nikipiga picha za vitu visivyo na haraka: mlango wetu, mwarobaini wa jirani, ndoo za maji zilizopangwa foleni. Nilijifunza upesi kwamba jua la Voi saa sita mchana hukifuta kiwambo cha nyuma usione kitu, hivyo ni lazima kuliweka jicho kwenye tundu. Nilijifunza pia kuwa betri yake, inayotosha picha takriban 300 tu, haifai kuaminiwa mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga. Lakini lililonishangaza zaidi ni jambo jingine. Nilisimama mlangoni saa nane mchana, nikazungusha kigurudumu cha kurekebisha mwanga, na mbele ya jicho langu mchana ukawa jioni. Nikakizungusha kinyume, ukuta mweupe wa jirani ukayeyuka katika mwanga. Ndani ya tundu lile sikuwa nikiyaona mandhari. Nilikuwa nikiiona picha, tayari imekwisha kufanyiwa uamuzi, kabla sijaipiga.

Nililitafakari jambo hilo jioni nzima. Katika kamera ya zamani, kioo humsaidia mtu kutazama tu. Picha yenyewe haiwezi kupatikana mpaka kioo kiondoke njiani. Katika hii yangu, hata huko kutazama kumekwisha kuwa kutunga. Iwe iwavyo, hakuna kamera ambayo kioo chake kimewahi kupiga picha.

Baada ya wiki moja nilianza kutoka nayo mjini, na hapo ndipo nilipokutana na Voi inavyojulikana na wageni. Nilipopita karibu na stendi ya matatu nikiwa na kamera shingoni, kijana mmoja wa makanga alinielekeza kwa wema: "Ndovu wako kule, kaka, ng'ambo ya geti." Hakuwa na kosa. Mji huu uko mlangoni mwa Tsavo Mashariki, na kwa miaka mingi wenye kamera wamekuwa wakishuka hapa wakiwa njiani kwenda kuwaona wanyama. Kijana yule hakuwahi kumwona mtu aliyekuja kupiga picha za stendi.

Na si jambo la leo. Picha za zamani za eneo hili zilizosambaa mno ulimwenguni ni za simba. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengewa daraja juu ya mto Tsavo, simba wawili waliwashambulia wajenzi kwa muda wa miezi kadhaa hadi mhandisi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu kisa hicho, nacho kina picha za simba hao wakiwa wamelala maiti. Simba wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la Field Museum mjini Chicago, ambako mtu yeyote anaweza kwenda kuwapiga picha hadi leo. Patterson alitaja idadi ya vibarua wa Kihindi walioliwa, 28. Kuhusu Waafrika alisema waliuawa wengi ila hapakuwa na rekodi rasmi iliyowekwa. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho zamani kama hekaya ya kutisha. Safari hii, nikiwa nimekumbuka mkono wa babu ulioshika kikombe, nilikisoma kama habari ya picha: simba wana sura, waliowalisha simba hawana.

Nikaazimia kupiga picha za watu. Msomaji aliyewahi kujaribu anajua kwamba kuazimia ni rahisi. Siku ya kwanza sokoni nilimwona mama mmoja akipanga nyanya katika mafungu, jua limempiga ubavuni, vumbi jekundu linaelea nyuma yake kama pazia. Kamera ni ndogo. Niliiinua haraka nikabonyeza. Udogo wake haukunisaidia kitu.

"We kijana," akaniita. "Ruhusa umempa nani? Unanipiga picha ukaniweke wapi?"

"Samahani, mama," nilisema. Nilimwendea, nikamwonyesha picha ile, nikaifuta mbele ya macho yake.

Aliutazama mkono wangu hadi nilipomaliza kufuta. "Mwanangu, mimi sijakataa," akasema. "Lakini sema kwanza."

Kisha akaondoa nyanya mbili zilizobonyea kutoka fungu la mbele, akazificha chini ya gunia, akajifunga leso yake upya, akaniambia sasa nipige.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo mawili, "sema kwanza", na sauti ya kitenzi chetu masikioni. Katika Kiswahili picha hupigwa. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, na wala hatuhisi kofi lolote ndani ya vitenzi hivyo. Lakini mtu anapoinuliwa kamera usoni bila kuambiwa, kauli ya kutendwa hurejesha maana yake ya asili: amepigwa. Mama yule alilijua hilo bila kusoma sarufi. Na picha niliyoifuta ilikuwa nzuri, nakiri. Ile aliyoiruhusu haina vumbi lile wala mwanga ule. Ila katika hiyo ya pili nyanya zilizobonyea hazimo, kwa kuwa mwenye nyanya hakutaka ziwemo.

Adhabu nyingine niliipata siku hiyo hiyo. Nilikuwa na lenzi ya pili, kuukuu vilevile, nikaibadilisha pale stendini upepo ukivuma. Voi ni mji wa vumbi jekundu. Hata ndovu wa Tsavo huonekana wekundu kwa kuwa hujipaka udongo huu. Kamera yangu ikizimwa na kufunguliwa mdomo, kihisi chake huwa wazi, hakina kioo wala pazia lililo mbele yake. Tangu siku hiyo, kila nilipopiga picha yenye mbingu kulikuwa na doa la kijivu upande wa juu kulia. Mbingu ya Voi, ya Mwatate na ya Wundanyi zote zilikuwa na doa moja. Nilihangaika wiki nzima nikidhani ni ndege wa mbali, mpaka nilipong'amua kwamba ni chembe moja ya udongo wa kwetu iliyokaa juu ya kihisi. Nikanunua kipulizio cha mpira, nikaipuliza ikatoka. Nilisikitika kidogo ilipotoka.

Hatimaye nikapanda Wundanyi. Kutoka Voi matatu hupita Mwatate, na kabla ya kuanza kupanda milima mtu huyaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu kwa safu hadi macho yachoke. Kisha barabara huanza kujikunja, joto huachwa chini, na mtu hujikuta akitafuta sweta. Nyanya yangu anaishi peke yake katika boma lile alilokaa na babu. Aliponiona alinitania kama kawaida yake kwa kuniita mume wake aliyemtoroka akaenda kusoma, akanikaribisha jikoni alikokuwa akiponda kimanga.

Jiko lake ni chumba chenye giza. Mwanga huingia kupitia mlango na kupitia upenyo mmoja chini ya paa, na kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Nilipoliweka jicho kwenye tundu la kamera niliona jambo la ajabu: ndani ya tundu mlikuwa na mwanga kuliko chumbani. Kihisi kilikuwa kinaukuza mwanga mdogo uliokuwapo na kunionyesha yale ambayo jicho langu tupu halikuyaona. Nilimwona nyanya amekiinamia chungu, mishipa ya mikono imesimama, moshi umepita kati yake na ukuta. Nilibonyeza.

Sikusema kwanza. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa sokoni, tena na mtu nisiyemjua. Lakini huyu alikuwa nyanya yangu, na nadhani niliona ruhusa yake kama haki niliyozaliwa nayo. Kamera hii haina mlio mkubwa ila inasikika katika chumba kimya. Mwiko ukasimama.

"Umefanya nini?" aliuliza. Tulikuwa tukizungumza Kidawida, hapa ninamfasiri.

"Nimekupiga picha, nyanya."

"Nikiwa hivi?"

Nilimpelekea kamera aone. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu hadi kiwambo kikazima chenyewe.

"Hii ndiyo mtakayoniwekea siku ya kunizika?" akasema. "Babu yenu mlimweka kama mtu aliyeungua. Mimi mnataka kuniweka ndani ya moshi."

Sikujua kwamba aliiona ratiba ile. Nilikuwa nimejipa moyo miaka yote kwamba hakuitazama.

Akanirudishia kamera, akashika mwiko wake. "Njoo Jumapili nikitoka kanisani," alisema. "Utanipiga picha ya mtu."

Jumapili nilikuwapo. Alikuwa amevaa sare ya kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi kikasimama wima. Alitoa kiti, akakiweka kando ya mlango, kisha akasimama badala ya kukikalia. Mikono aliinyoosha ubavuni, kidevu akakiinua, akaikazia macho lenzi kama mtu anayeapishwa. Nilimsihi acheke kidogo. "Nicheke na nani?" akaniuliza. Nilimpiga picha 12. Akazitazama zote, moja baada ya nyingine, akachagua moja, akaniambia zile nyingine nizifute. Nilizifuta.

Nakiri kwamba picha aliyoichagua haikunipendeza. Kivuli cha paa kimemkata kifuani, na msimamo wake ni ule ule wa picha ya kitambulisho. Nilijiambia kwamba ile ya jikoni ndiyo ya kweli, kwa kuwa humo yumo kama alivyo kila siku. Usiku ule, nikiwa nimelala katika chumba cha wageni, maswali ya wino mwekundu yalinirudia, safari hii hayakutoka kwa msimamizi. Ya kweli kwa nani? Nyanya alikuwa amenieleza waziwazi anavyotaka kuonekana, naye ndiye mwenye uso. Mimi nilitaka moshi, mishipa na giza kwa sababu nimesoma riwaya nyingi ambamo bibi kizee wa kijijini huwa ndani ya moshi. Nilikuwa nimemwona kupitia vitabu vyangu, kisha nikaita hicho nilichokiona uhalisi.

Plato, katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri*, anatoa mfano wa mtu anayekizungusha kioo huku na huko na kulipata jua, dunia na viumbe vyote kwa urahisi; anataka kutuonyesha kwamba mtu huyo amepata sura tu, hakupata vitu. Sisi tunaosoma fasihi tumelichukua neno kioo kwa heshima zaidi kuliko yeye. Lakini tatizo langu halikuwa kwamba kioo hutoa sura tupu. Tatizo ni kwamba kioo hakina haya. Kioo hakimchagui mtu, hakisubiri moshi upite, hakiondoi nyanya zilizobonyea. Mwandishi akisema kazi yake ni kioo anajivua lawama: kilichoonekana ndicho kilichokuwapo, yeye hakufanya kitu. Mimi nilikuwa nimefanya kitu. Nilisimama mahali fulani, nikangoja, nikabonyeza bila kusema.

Lugha yetu, kwa hakika, inalo neno linalofaa zaidi, na ndilo nililolitumia katika anwani ya tasnifu bila kulisikiliza. Taswira inatoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sura kwa maana ya uso na umbo. Sura kwa maana ya sehemu ya kitabu inatoka katika neno jingine la Kiarabu. Ni Kiswahili kilichoyafanya yote mawili yawe na umbo moja. Taswira ni tendo la kutia sura, na tendo lina mtendaji. Mtendaji anaweza kuulizwa.

Nilirudi Voi nikaenda katika studio moja mjini, ambayo riziki yake kubwa ni picha za pasipoti na picha za ratiba za mazishi, nikasafishiwa picha mbili za nyanya: aliyoichagua na ile ya jikoni, ambayo hakuniambia niifute. Baada ya wiki mbili nikapanda tena. Ile ya kanisani ilikuwa kwenye fremu. Aliipokea kwa furaha, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akaniagiza nitafute msumari. Leo iko sebuleni, mkabala na mlango, na kila anayeingia huiona kabla hajakaribishwa kiti.

Ile ya pili niliitoa mkobani kwa soni. Nilimwambia kwamba akitaka nitaichana mbele yake.

Alivaa miwani. Aliisogeza mwangani, mlangoni, akaitazama. Nilijiandaa kwa karipio. Kisha nikaona kwamba hajitazami mwenyewe. Kidole chake kilikuwa juu ya pembe ya picha, nyuma ya bega lake, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeona weusi mtupu.

"Kofia," alisema.

Nikasogea. Ndani ya weusi ule, nyuma ya moshi, kulikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari kofia ya babu, ile aliyokuwa akiivaa mkongeni. Ilikuwa imetundikwa pale tangu mwaka 2019, nyeusi sawa na ukuta. Nilikuwa nimeketi jikoni mle mara nyingi. Picha hiyo nilikuwa nimeitazama kwenye kiwambo na kwenye kompyuta zaidi ya mara mia, nikiusifu mwanga. Sikuwahi kuiona kofia.

Nyanya hakulia wala hakusema maneno mengi. "Hii usiitundike," alisema. "Nipe." Akaenda chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa chini ya kitanda. Aliporudi nilimwuliza ameiweka wapi, akajibu kwamba ameiweka pamoja na ile karatasi ya babu yangu iliyokunjwa mara nne.

Sitaki kudai kwamba tukio hilo lilihalalisha kosa langu la kutosema kwanza. Halikulihalalisha. Lilinionyesha tu kwamba picha ina watu zaidi ya wawili ndani yake: yupo aliyeishika kamera, yupo aliyepigwa, na yupo atakayeitazama baadaye na kuona kile ambacho wawili wale hawakukikusudia. Mimi nilichagua moshi. Nyanya alichagua sare. Kofia haikuchaguliwa na mtu, ikangoja msomaji wake. Nadhani hata riwaya husomwa hivyo, na ndiyo sababu tunazirudia.

Nimeiandika upya sura yangu ya kwanza. Ile kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii nimeiondoa, na mahali pake sasa pana kurasa mbili zinazojaribu kueleza nani anayetia sura, kwa ruhusa ya nani, na nini hubaki pembeni bila kukusudiwa. Nimempelekea msimamizi wangu. Nasubiri wino.

Kamera nayo ina kazi. Habari ya picha iliyo sebuleni kwa nyanya ilienea kijijini haraka kuliko nilivyotarajia, na sasa ninalo daftari lenye majina ya wazee ambao picha yao ya pekee ni ile ya kitambulisho, ambayo siku moja itarejeshwa serikalini pamoja na kitambulisho chenyewe. Kila nipandapo Wundanyi hupita kwa wawili au watatu. Wengi hutaka kusimama wima kando ya mlango wakiwa na nguo zao za Jumapili, nami huwapiga hivyo hivyo. Mara nyingine, tukishamaliza, mmoja husema niingie jikoni nikampige na huko.

Kwa wenzangu tunaosoma fasihi, sina nasaha kuhusu aina ya kamera ya kununua. Simu mliyo nayo inatosha kabisa. Ninalo ombi dogo tu. Mkienda nyumbani likizo hii, fungueni picha zilizo kwenye simu zenu mtazame ni nani yumo na ni nani aliyetupa kisogo. Kisha nendeni kwake, na kabla hamjaiinua kamera, semeni kwanza.